Shajara ya utepe: kukunja elementi 118 kutoka mstari mmoja

Siku ya 1

Haya tuanze. Juzi nimemkuta mdogo wangu anakariri jedwali la elementi kwa kuimba, haidrojeni heliamu lithiamu berili, anaenda vizuri mpaka kalsiamu namba 20 halafu anakatika kama redio iliyoishiwa betri, nikamuuliza hivi kwani kwa nini hili jedwali lina umbo la ajabu hivi, huku na huku kumeinuka kama minara miwili, katikati bonde, afu chini kuna mistari miwili imekaa peke yake kama imefukuzwa nyumbani. Akanijibu "dada, ndo lilivyo". Nikataka kumcheka ila nikagundua na mimi jibu langu ni hilohilo, nilisoma kemia miaka ile nikafaulu na umbo la jedwali sijawahi kuuliza.

Kwaiyo mradi ndo huu: tunaandika elementi zote 118 kwenye utepe mmoja mrefu wa karatasi, mstari mmoja tu, hakuna jedwali. Kisha tunatafuta wenyewe pa kukata. Kama jedwali ni kweli na sio mapambo ya ukutani basi likatwe litoke lenyewe. Sharti moja, hakuna kuchungulia jedwali lililochapwa mpaka tumalize kukata. Mdogo wangu kalikubali haraka sana, namjua huyu, atachungulia.

Vifaa: roli ya karatasi za risiti, maka peni nyeusi, penseli za rangi, rula, mkasi, selotepu, na kopo la shanga.

Siku ya 2

Roli imekufa. Karatasi ya risiti ni ile inayochapwa kwa joto, haina wino, imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikiguswa na joto, hilo la joto nilikuwa nalijua. La spiriti sikulijua. Maka peni yangu ina spiriti ndani, nimeandika H kubwa ya haidrojeni vizuri kabisa, kufika heliamu naangalia nyuma naona H imezungukwa na ukungu mweusi unatanuka taratibu kama doa la mafuta kwenye shati. Tumefika boroni tukaacha. Mdogo wangu kafurahi kuliko alivyofurahia kitu chochote cha kemia mwaka huu.

Siku ya 3

Mpango mpya, karatasi za kawaida za A4. Ukikata A4 kwa urefu unapata vipande vitatu vya upana wa sm 7, kila kipande kina urefu wa sm 29.7, nikigawa viboksi vya sm 5 vinaingia vitano na zinabaki karibu sm 5 za kupakia gundi kuunganisha na kipande cha mbele. Karatasi 8 zinatoa vipande 24, mara tano ni viboksi 120. Tunahitaji 118, viwili vinabaki mwishoni, sijavikata, vikae tu.

Utepe ukaja mita 6. Hauingii chumbani, tumeutandaza koridoni na kila anayepita anaruka.

Kila kiboksi nimekipa namba pembeni juu, 1 mpaka 120. Hizi nilizichukulia kama namba za foleni tu, ile ya kwanza wa pili wa tatu.

Siku ya 4

Kuandika. Nimechukua orodha ya elementi na uzito wa atomi zake, nikaipanga kwenye kompyuta kutoka nyepesi kwenda nzito, nikawa namsomea mdogo wangu yeye anaandika. Tumefika kiboksi cha 60 kwa maka peni, vidole vyake vyeusi, tukapumzika, zilizobaki tukaandika kwa penseli. (Hilo la kupanga kwa uzito likumbukeni, linakuja kunitoa jasho.)

Mambo ya njiani. Alama zinazomchanganya kila mtu ni zile zisizofanana na jina, kwa sababu zimetoka kwenye Kilatini: Na ya sodiamu ni natrium, K ya potasiamu ni kalium, Fe ya chuma ni ferrum, Pb ya risasi ni plumbum, Hg ya zebaki ni hydrargyrum yaani maji ya fedha, na ukiiona zebaki inavyoviringika unaelewa aliyeipa jina alikuwa anaangalia nini. Sisi wa Kiswahili tuna bahati yetu hapa, dhahabu, fedha, shaba, chuma, risasi, bati, zebaki, zote tulikuwa nazo mdomoni kabla hatujasikia neno elementi.

Kingine, herufi J na Q hazimo kwenye alama hata moja kati ya 118. Mdogo wangu kabisha, mbona oksijeni ina J, haidrojeni ina J, naitrojeni ina J. Ni kweli, kwa Kiswahili J zimejaa tele, kwenye alama haipo.

Na kuna kijiji kimoja Uswidi kinaitwa Ytterby, machimbo yake yametoa madini ambayo ndani yake zimepatikana elementi nyingi, nne zimebeba jina la kijiji hicho: itriamu, terbiamu, erbiamu, iterbiamu. Tumeziandika tukikosea kosea, karibu zote zinaangukia baada ya 60 kwahiyo ziko kwa penseli, afadhali.

Siku ya 5

Leo nukta za rangi, na leo ndo nimejua nimeharibu.

Wazo lilikuwa jepesi. Tunaweka nukta kwa TABIA, sio kwa namba. Nyekundu kwa metali laini zinazochachamaa zikikutana na maji, lithiamu, sodiamu, potasiamu, rubidiamu, sezi, fransiamu. Kijivu kwa gesi zisizojali mtu, heliamu, neoni, argoni, kriptoni, zenoni, radoni. Kijani kwa zile zinazoungana na metali kutoa chumvi, florini, klorini, bromini, iodini. Halafu unasimama mwisho wa koridoni unaangalia utepe wote kwa mbali.

Na unaona! Kijani, kijivu, nyekundu. Zinafuatana. Kiboksi 9 kijani, 10 kijivu, 11 nyekundu. Halafu utepe unanyamaza viboksi kadhaa na wimbo unarudi, 17 kijani, 18... nyekundu, 19 kijivu. Eeh? Imegeuka. Nikasonga mbele, 35 kijani, 36 kijivu, 37 nyekundu, sawa. Kufika hamsini na kitu, 52 kijani, 53 hakuna nukta kabisa, 54 kijivu, 55 nyekundu. Wimbo umekosewa mara mbili, na mara zote mbili si mimi niliyepaka nukta vibaya, nimehakiki.

Ya 18 na 19: potasiamu imetangulia argoni. Ya 52 na 53: iodini imetangulia teluriamu. Kwa uzito ni sahihi kabisa, potasiamu ni 39.10 na argoni ni 39.95, iodini ni 126.90 na teluriamu ni 127.60. Kwa tabia ni upuuzi mtupu, kwa sababu inakupa gesi isiyojali mtu ikifuata baada ya metali inayolipuka majini.

Na hapa nikaingiwa na heshima kidogo kwa Dmitri Mendeleev, mkemia Mrusi aliyelitunga jedwali hili, maana mwaka 1869 alikuwa na elementi 63 tu mkononi na alikutana na hilihili la teluriamu na iodini, akaamua kufuata tabia, akaweka teluriamu mbele na kusema uzito wake utakuwa umepimwa vibaya. Kwenye kupanga alikuwa sahihi. Kwenye sababu hakuwa sahihi, uzito ulipimwa vizuri tu.

Nimekata viboksi vinne kwa mkasi na kuvibadilishana kwa selotepu. Baadae nikakuta na nikeli imetangulia kobalti, 58.69 kwa 58.93, hiyo haikuonekana kwa sababu hazina nukta. Sita basi. Utepe sasa una viraka kama suruali ya fundi gereji. Na mbele huko kwenye penseli toriamu na protaktiniamu nazo zilikuwa zimepishana, hizo nimefuta tu.

Siku ya 6

Swali la mdogo wangu, na ni swali zuri kuliko yote aliyowahi kuuliza: "sasa dada, kama sio uzito, foleni inapangwa na nini?"

Namba ya pembeni! Ile niliyoiita ya foleni. Ni idadi ya protoni kwenye kiini cha atomi, basi. Haidrojeni ni atomi yenye protoni 1, ukiwa na protoni 2 wewe ni heliamu, ukiwa na 79 wewe ni dhahabu, na hakuna namna ya kuwa dhahabu ukiwa na 78 au 80, ukiwa na 78 ni platini, ukiwa na 80 ni zebaki. Elementi inatambulishwa na hesabu hiyo peke yake. Aliyelionyesha hili kwa vipimo ni Henry Moseley mwaka 1913, alipiga elementi mbalimbali mpaka zitoe mionzi ya eksirei, akakuta kipeuo cha pili cha masafa ya mionzi (yaani mitetemo yake kwa sekunde) kinapanda kwa ngazi zilizo karibu sawa, elementi moja ngazi moja, na kila ngazi ni namba yake. Kwa namba hiyo argoni, potasiamu, teluriamu, iodini, zote zinajipanga bila kubembelezwa. Miaka miwili baadae akauawa vitani Gallipoli, ana umri wa miaka 27.

Uzito ukawa mambo mawili yaliyochanganywa. Ndani ya kiini kuna protoni zenye chaji chanya na nyutroni zisizo na chaji, zinakaribiana sana kwa uzito, elektroni iko nje na ni nyepesi mno, protoni moja inalingana na elektroni kama 1,836. Kwahiyo uzito wa atomi ni protoni ukijumlisha nyutroni, na nyutroni hazina adabu ya kuongezeka moja moja. Argoni ina protoni 18 na atomi zake karibu zote zina nyutroni 22, jumla 40. Potasiamu ina protoni 19 ila nyingi zina nyutroni 20, jumla 39. Hapo ndo foleni yangu ilipogeuka.

Lakini mbona argoni ina nyutroni nyingi hivyo? Hii sikuitegemea, nimeisoma usiku nikaamka kuwasha taa. Kuna potasiamu yenye jumla ya 40, kidogo sana, ina mionzi, inavunjika polepole mno, inachukua miaka kama bilioni 1.25 nusu yake kuisha, na sehemu yake kama asilimia 11 inageuka kuwa argoni 40. Miamba ya dunia imekuwa ikifanya hivyo tangu dunia iwepo na gesi inatoka inaingia hewani. Argoni tunayoivuta, ambayo ni karibu asilimia 1 ya hewa, kwa sehemu kubwa kabisa zamani ilikuwa potasiamu. Yaani vile viboksi viwili vilivyogombania nafasi koridoni kwangu ni mzazi na mtoto, na mtoto kamzidi mzazi uzito kwa sababu ya watoto wa aina hiyo kujaa.

Klorini pia imejieleza hapohapo. Uzito wake 35.45 ulikuwa unamkera mdogo wangu, nusu ya protoni inatoka wapi. Haitoki popote, robo tatu hivi ya atomi za klorini ni za 35 na robo iliyobaki ni za 37, ile 35.45 ni wastani. Hakuna atomi hata moja duniani ya klorini yenye uzito wa 35.45.

Siku ya 8

(Ya 7 mvua, koridoni kulikuwa na ndoo.)

Shanga. Nilitaka tutengeneze kila atomi kwa shanga, kila elektroni shanga moja. Kabla sijaanza nikapiga hesabu, 1 jumlisha 2 jumlisha 3 mpaka 118 ni shanga 7,021. Kopo langu halifiki hata 500. Tumekubaliana elementi 20 za mwanzo tu, hizo ni shanga 210.

Ila kabla ya kufunga nilitaka aone ukubwa, kwa sababu picha za vitabuni zinadanganya, zinachora kiini kama embe na elektroni kama nzi wanaizunguka karibu karibu. Tumechukua shanga kubwa ya sm 1 upana, hiyo ndo protoni ya haidrojeni, tumeiweka chini kwenye jiwe. Tukaanza kutembea. Kwa vipimo vya kweli eneo ambapo elektroni ina uwezekano mkubwa wa kukutwa liko mbali na kiini mara 63,000 hivi ya nusu-upana wake, kwa shanga yetu hiyo ni mita 315. Hatua zangu 450. Tumefika kwenye hatua ya 450 tumegeuka, jiwe lenyewe hatulioni vizuri, shanga usiseme.

Na hapo katikati hakuna kitu. Ernest Rutherford ndo aliyeelewa hilo mwaka 1911, baada ya Geiger na Marsden kwenye maabara yake kurusha chembe za alfa (viini vya heliamu) kwenye karatasi nyembamba sana ya dhahabu, nyingi zikapita kama vile hakuna ukuta, chache mno zikarudi nyuma. Mdogo wangu kauliza sasa mbona ukuta unaniumiza nikijigonga. Nimemwambia elektroni za ukuta zinasukumana na elektroni za kichwa chako, chaji hasi kwa hasi, atomi hazihitaji kuwa zimejaa ili zikatae kupitana. Kafikiri kidogo akajigonga kidogo na mti, sijui alikuwa anathibitisha nini.

Shanga tumerudi hatujaiona. Imepotea. Protoni ya kwanza kupotea katika mradi.

Siku ya 9

KUKATA. Kanuni, mkasi unapita baada ya kila nukta ya kijivu, kwa hiyo kila kipande kinaanza na nyekundu (cha kwanza kinaanza na haidrojeni, haina nukta, haidrojeni haina ndugu wa kweli). Mdogo wangu kakata, mimi nimeshika utepe.

Kipande cha kwanza viboksi 2. Cha pili 8. Cha tatu 8. Cha nne 18. Cha tano 18. Cha sita 32. Cha saba 32, halafu vile viwili vitupu vikaning'inia.

2, 8, 8, 18, 18, 32, 32. Tumeziandika kwenye kadi tukakaa chini tunaziangalia. Sikutegemea zitakuwa safi hivyo, na hatukukata kwa namba, tumekata kwa tabia, metali inayolipuka na gesi isiyojali. Na hizi namba zote zinagawika kwa mbili halafu zinakuwa 1, 4, 4, 9, 9, 16, 16, ambazo ni moja mara moja, mbili mara mbili, tatu mara tatu, nne mara nne. Mdogo wangu ndo kaiona hii, mimi nilikuwa natafuta selotepu.

Siku ya 10

Potasiamu tena. Huyu jamaa ndo mhusika mkuu wa mradi huu nadhani.

Tunafunga shanga. Elektroni zinakaa kwenye maganda kuzunguka kiini, ganda la kwanza linabeba 2, la pili 8, la tatu 18, la nne 32. Mdogo wangu anafunga kwa waya, kila ganda duara lake. Heliamu, ganda la kwanza limejaa. Neoni 2 na 8, limejaa. Argoni 2, 8, 8. Potasiamu ina 19, akaweka shanga ya tisa kwenye ganda la tatu, 2, 8, 9. Nikamwambia hapana, ni 2, 8, 8, 1. Akaweka waya chini. "Dada. Umesema la tatu linabeba 18. Zimo 8. Hii moja imekosa nafasi kweli?"

Kakasirika haswa, na ana haki, mimi shuleni nilikariri "2, 8, 8, 1" nikaendelea na maisha.

Jibu lilinichukua jioni nzima. Ganda sio chumba kimoja, ndani yake kuna vyumba, na vina majina ya herufi, s inabeba elektroni 2, p inabeba 6, d inabeba 10, f inabeba 14. Ganda la kwanza lina s tu. La pili s na p, ndo 8. La tatu s, p na d, ndo 18. Elektroni inaingia pale ambapo nishati iko chini kuliko pengine, kama maji yanavyotafuta bondeni. Sasa kwa atomi ya potasiamu chumba cha d cha ganda la tatu kiko JUU kidogo kuliko chumba cha s cha ganda la nne. Nafasi 10 zipo, wazi kabisa, ila kuzipanda ni ghali kuliko kufungua ganda jipya. Kwahiyo elektroni ya 19 inafungua ganda la nne inakaa peke yake huko nje, na kwa kuwa iko peke yake nje inang'oka kirahisi, ndo maana potasiamu ikiguswa na maji inawaka. Kalsiamu inaongeza ya pili, s imejaa. Na elementi ya 21, skandiamu, ndo inarudi nyuma kuanza kujaza ile d iliyorukwa. Nafasi 10, elementi 10, skandiamu mpaka zinki.

Hapo nikasimama nikaenda ukutani tulipobandika vipande kwa muda. Bonde la katikati la jedwali lina upana wa safu 10. Mnara wa kushoto una safu 2. Mnara wa kulia una 6. Na ile mistari iliyofukuzwa chini ina 14. s, p, d, f. Mbili, sita, kumi, kumi na nne! Umbo lote la jedwali ni upana wa vyumba vya elektroni, mbili na sita ni 8, ongeza kumi ni 18, ongeza kumi na nne ni 32, zile namba zetu za mkasi.

Nimekaa chini sakafuni. Mdogo wangu kasema "kwahiyo sikukosea" nikamwambia ulikosea vizuri.

Halafu chromi ikatuharibia furaha. Namba 24, kwa kanuni ingekuwa na 2 kwenye s ya nje na 4 kwenye d, yenyewe ina 1 na 5. Shaba pia, inatakiwa 2 na 9, yenyewe ina 1 na 10. Vyumba hivyo viwili nishati zake ziko jirani sana kiasi kwamba elektroni moja inahama ikiona d itakaa nusu kamili au kujaa kamili. Tumeweka alama ya kuuliza kwenye hivyo viboksi, kanuni inabaki kanuni.

Siku ya 11

Kubandika. Kipande cha viboksi 32 ni sm 160. Nafasi kati ya mlango na dirisha ni sm 124. Nimepima mara tatu nikitumaini.

Na hiyo ndo sababu ya mistari miwili ya chini, jamani. Ukuta. Nilikuwa nadhani kuna siri ya kemia, kumbe ni sababu ileile ya wachapaji wa vitabu, kurasa hazitoshi. Tumekata vile 14 vya chumba cha f kutoka kipande cha sita na cha saba tukavibandika chini, upana ukawa viboksi 18, sm 90, unaingia na nafasi ya kupumua.

Ila 14 zipi? Ukianza na lanthani unaishia iterbiamu na lutetiamu inabaki juu chini ya itriamu, ukianza na seriamu unaishia lutetiamu na lanthani inabaki juu. Wakemia wenyewe wamebishana sana juu ya hili, na majedwali mengi yanakwepa ugomvi kwa kushusha zote 15 chini na kuacha shimo. Sisi tumeweka lutetiamu juu, kwa kura, mbili kwa sifuri.

Heliamu nayo, ina elektroni 2 kwenye s, kwa chumba ingekaa juu ya berili mnara wa kushoto. Kwa nukta yake ya kijivu inakaa kulia juu ya neoni. Tumefuata nukta.

Leo tumeruhusu jedwali lililochapwa. Limefanana. Mdogo wangu kakiri kwamba alichungulia siku ya 4.

Siku ya 13

Mchezo wa vifuniko. Mwaka 1869 Mendeleev aliacha nafasi wazi, akasema hapa pana kitu hakijapatikana, baadae akaandika na tabia zake. Galiamu ikapatikana 1875, skandiamu 1879, germaniamu 1886. Ya galiamu ndo tamu, Lecoq de Boisbaudran aliyeigundua alipima akapata uzani wa gramu 4.7 kwa kila sentimita ya ujazo, Mendeleev ambaye hajawahi kuiona akamwandikia kwamba inatakiwa iwe karibu 5.9, rudia. Akaisafisha akarudia, ikawa 5.9.

Tukajaribu na sisi. Nimefunika germaniamu kwa karatasi, nikampa mdogo wangu majirani zake wanne tu, juu silikoni, chini bati, kushoto galiamu, kulia aseniki. Uzito wa atomi zao 28.09, 118.71, 69.72 na 74.92, jumlisha gawa kwa nne, kapata 72.86. Uzani wao 2.33, 7.29, 5.91 na 5.73, gawa kwa nne, kapata 5.3. Nikamwambia funua. Germaniamu, 72.63, na 5.32.

Kanyamaza. Kisha kasema niliziandaa. Sikuandaa chochote! Namba ya pili hata mimi nilikuwa nategemea ipotee mbali kidogo. (Mendeleev alikuwa na kazi ngumu kuliko sisi maana galiamu yenyewe hakuwa nayo wakati anatabiri, na bado alisema 72 na 5.5.)

Kilichompita kabisa ni safu nzima ya kijivu. Argoni imetambuliwa 1894, neoni, kriptoni na zenoni mwaka 1898, kwenye jedwali lake la mwanzo hazina hata pengo, kwa sababu ukikosa safu yote huoni kama kuna kitu kinakosekana. Nukta zetu za kijivu, tulizozitumia kukatia, yeye hakuwa nazo.

Siku ya 15

Hali ya mradi: vipande vyote saba viko ukutani, viraka sita vinaonekana, kona ya polonia inabanduka. Shanga zimefungwa mpaka kalsiamu, isipokuwa haidrojeni ambayo mdogo wangu anataka kiini chake kiwe ile shanga iliyopotea, si nyingine.

Zile namba za mwisho, 113, 115, 117 na 118, majina yake yamethibitishwa 2016 tu, nihoniamu, moskoviamu, tenesini, oganesoni, na za huko zinatengenezwa kwa mashine, atomi chache kwa wakati mmoja na zinavunjika upesi.

Vile viboksi viwili vitupu nilitaka kuvikata leo, vinaning'inia nje ya mnara wa kulia, vinatia kero. Mdogo wangu kanizuia. Kasema oganesoni ni ya kijivu. Baada ya kijivu mkasi unapita. Kakata yeye mwenyewe, kavishusha, kavibandika upande wa kushoto kabisa, mstari wa nane, 119 chini ya fransiamu na 120 chini ya radiamu. Bado hakuna aliyezitengeneza. Kwenye 119 kaweka nukta nyekundu kwa penseli.

Nimemwacha.